Bendera Ingoje Chombo Kielee

Tangu nirudi, kila anayepita barazani kwangu kununua mofa huniuliza swali moja: kulikuwaje huko? Nikianza kueleza, mkate unaungua, na msikilizaji anaondoka na nusu ya habari akaijaze mwenyewe njiani. Nimeshasikia kwamba nilikamatwa, na kwamba nilirudishiwa nyumba ya baba. Yote mawili si kweli. Basi naandika. Shule niliishia darasa la sita na kalamu yangu huchoka mapema kuliko mdomo, mnivumilie. Mambo ya tikiti na vibali nimeyaacha, hayana ladha.

Kilichonipeleka mnakijua nusu. Ami Shee, mdogo wake baba, ni fundi wa vyombo, na katika nyumba yetu ndiye peke yake aliyerudi Kismayo baada ya vita. Alinitumia sauti kwenye simu: mashua yake imekwisha, pengine ndiyo ya mwisho maana macho yamepunguka, na kiwanja kilicho kati yake na bahari amepewa mtu mwingine anayetaka kujenga ukuta. Ukuta ukisimama, chombo hakitoki tena. Lazima kishuliwe bamvua hii, maji makubwa yakija. Na kwetu chombo hakiingii majini mpaka mwanamke wa nyumba akifukize udi, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma. "Huku hakuna mwanamke wetu aliyebaki ila walio makaburini," akasema. "Njoo wewe."

Nilijiuliza sana kama mimi ndiye wa kuitwa. Nilitoka Kismayo nimebebwa mgongoni. Lakini nilimwambia naja, na nikishasema naja, mnanijua.

Mombasa hadi Lamu

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na Lali, mtoto wa marehemu shangazi yangu, ambaye naye humwita mjomba wake Shee "Ami" kwa kunifuata mimi. Lali alizaliwa kambini huku Kenya, akakulia Ulaya, na alikuwa amekuja likizo. Ni kijana mwema, mkono wake mwepesi kubeba mzigo wa mtu. Ila ana jambo moja: hataki kuitwa Msomali. Akiulizwa kwao husema, "Mimi ni Mbajuni," na akiulizwa Mbajuni wa nchi gani, husema, "Bajuni ni nchi."

Basi letu lilisimamishwa zaidi ya saa nzima kungoja msafara wa askari, na abiria wakaanza mazungumzo ya kusukuma muda. Mzee mmoja muuza nazi, nyuma yetu, alimsikia Lali akatia neno.

"Kijana, tukuulize. Timu ya huko Ulaya kwako ikicheza, unaishangilia?"

"Naishangilia."

"Ikicheza na Kenya?"

Lali akafikiri. "Natazama tu."

"Ikicheza na Somalia?"

"Sitazami."

"Basi wewe huna nchi," mzee akasema, "una televisheni." Basi zima likacheka, Lali naye akacheka, ingawa masikio yalikuwa mekundu. Mzee akanigeukia. "Na wewe mama, unashangilia nani?"

"Mimi hulala mapema," nikasema.

Jibu lilipendwa, lakini lilinikaa vibaya mpaka Mokowe tulikoshuka kupanda boti. Nilikuwa nimelikimbia swali. Mtoto wa watu alisema analoliamini akachekwa, mimi niliyejificha nikasifiwa.

Lamu hadi Kiunga

Boti ya Kiunga ilichelewa kwa sababu nahodha alikuwa na harusi, kisha ikachelewa kwa sababu harusi ilikuwa nzuri. Tulipoondoka bahari ilikuwa shwari, ni majira ya matlai, maji yametulia kama samli kwenye kopo. Injini ilipiga kelele mno hata Lali akanyamaza.

Kiunga tulilala kwa Bi Mwanamkasi, binamu wa mama yangu. Yeye ni Mbajuni kama sisi, ila alizaliwa upande huu wa mpaka, na mpaka ulipita kati ya mama zetu bila kuuliza. Alitupikia papa mkavu wa nazi na wali, na mofa zake, ambazo kwa haki lazima niseme zimeshinda zangu. Ukutani ana picha ya mjukuu wake amevaa sare, na kando yake bendera ya Kenya ndogo ya plastiki.

Lali akaanza maneno yake. Bi Mwanamkasi akamsikiliza mpaka mwisho, akichambua samaki.

"Mwanangu," akasema, "nchi ni mume. Mimi wangu ni huyu. Huwa hakumbuki siku ya dawa, barabara aliahidi tangu sijatoka meno ya ukubwa, na akija mtaani huja na bunduki. Lakini hajanifukuza nyumbani."

"Na aliyefukuzwa?" Lali akauliza.

"Aliyefukuzwa ana eda yake. Akimaliza, aolewe kwingine au amrudie. Asikae mlangoni akitukana, maana majirani tunataka kulala."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na mwiba. Lali hakucheka. Baadaye, tukiosha vyombo, aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada Esha, mama yangu alifia kambini akiwa na ufunguo wa nyumba ambayo sasa wanakaa watu wengine. Bi anazungumza kama mtu ambaye hajapotewa na kitu." Ni kweli alivyosema. Na Bi naye alisema kweli. Mimi ndiye niliyebaki na sahani mkononi nisijue niiweke wapi.

Ras Kamboni

Hapa, mji wa kwanza upande wa Somalia, ndipo tulipopoteza siku. Boti ilitia nanga asubuhi, tukashuka kwa kupita majini, na askari kijana akatusimamisha chini ya banda la mabati. Alikuwa mpole, tena amechoka. Alimuuliza Lali, nami nikifasiri, yeye ni mtu wa wapi.

"Mbajuni."

"Najua, wengi hapa ni Wabajuni. Wa nchi gani?"

"Bajuni."

Askari akanitazama mimi. Nilijaribu kusema kwa Kisomali changu cha kuokoteza kwamba sote ni wa hapa, tunakwenda kwa ami yetu. Lali akanikatiza, akataka nifasiri na hili: "Mimi si wa hapa. Hapa ni pangu." Tofauti ya maneno hayo mawili askari hakuiona, na haki yake, maana hata mimi ilinichukua muda. Akatuambia tukae mpaka mkubwa wake arudi. Mkubwa wake alikuwa amekwenda kutafuta betri.

Tukakaa. Jua likaondoka upande wetu likarudi upande mwingine. Askari akachemsha chai ya maziwa ya unga, akatumiminia kwanza sisi. Kumbe ni mtu wa bara la mbali, bahari aliiona mara ya kwanza alipoletwa hapa. Aliniuliza kwa siri kama samaki hulala. Nikamwambia wengine hulala, tena chewa akilala unaweza kumwona kwa mwanga wa taa. Akafurahi kama mtu aliyejibiwa jambo la muda mrefu.

"Na huyu nduguyo," akasema, "mbona ananichukia? Mimi sijamfanya kitu. Nilipozaliwa vita vilikuwa vishapita kwenu."

Nilimfasiria Lali. Akainamisha kichwa. "Mwambie simchukii yeye."

"Anamchukia nani basi?"

Lali akakusanya vikombe akaenda kuvisuuza majini. Mkubwa aliporudi, na betri, alituuliza jina la ami yetu tu. Aliposikia ni Shee fundi wa vyombo akacheka: "Yule mzee wa bendera? Piteni." Hatukuelewa bendera ipi.

Chovai

Injini ilizimika karibu na Chovai, na nahodha akaipiga kwa spana kana kwamba inamdai, kisha akakubali tuingie kisiwani. Nilifurahi. Baba alizaliwa pale.

Sina mengi ya kusema, na nachelea kusema mengi. Nyumba za mawe hazina mapaa, msikiti umetiwa mabati mapya, na watu waliorudi wanaishi kandokando wakivua pweza na kamba. Walitupa samaki wa kuchoma kwenye makuti, bila kutuuliza sisi nani mpaka tulipokwisha kula. Mtu mmoja aliyekuwa akishona wavu alipojua mimi ni mtoto wa nani, alisema tu, "Wachu wamekuya," watu wamekuja, akaendelea kushona. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nikakosa nafasi.

Lali alimuuliza yule mtu kama huko wanaipandisha bendera ya Somalia.

"Bendera haifiki huku," akajibu. "Hufika mvua, na wanunuzi wa kamba."

"Na mngepewa bendera yenu wenyewe?"

Akafikiri kwa adabu. "Ingekuwa ya kitambaa gani? Hapa chumvi hula kila kitu." Sidhani alikuwa akifanya mzaha. Lali alikwenda kukaa peke yake penye makaburi mpaka injini ikapona.

Kismayo: baragumu

Ami Shee alitupokea ufukweni akiwa amevaa kikoi na koti la suti. Amekuwa mdogo, mkono wake mgumu kama ubao. Alinishika uso akautazama kwa karibu sana, nikajua macho ni mabaya kuliko alivyosema. Kisha akatupeleka kwenye mashua.

Sijui kusifu chombo. Nitasema ilikuwa nzuri hata Lali akavua viatu. Imesimama juu ya magadi, ile miti ya kuiegemeza, ubavu wake umepakwa sifa, mafuta ya papa, ukinuka mpaka barabarani. Na kwenye tezi, juu ya mti, bendera ya buluu yenye nyota nyeupe.

"Ndiyo hiyo ya mzee wa bendera," Lali akasema. "Ami, nimekuja kutoka Ulaya kuvuta kamba yako. Chini ya hiyo sivuti."

Ami Shee hakukasirika mara moja. Akauliza kwa nini.

"Waliotuvunjia nyumba walikuwa nayo hii hii. Nyota yake ina pembe tano, kila pembe ina wenyewe. Sisi ni pembe ipi?"

"Pembe sijazihesabu. Mimi nilikuwa mtoto siku wazungu walipoishusha yao. Tulipewa halua na bendera za karatasi, nikakimbia nayo pwani yote. Nilikuwapo. Nani ataniambia sikuwapo?"

"Ami, walikufukuza."

"Walinifukuza, wakaniambia rudi kwenu. Waliniambia kwa maneno hayo hayo. Sasa nikiishusha mimi mwenyewe, Lali, si nitakuwa nimewaitikia? Nitakuwa nimesema, naam, mlisema kweli." Akaigonga mashua kwa kiganja. "Tena rangi ile ni ya bahari. Wao wa bara waliiona wapi?"

Waliendelea hivyo mpaka sauti zikapanda. Mwisho Ami Shee akasema, "Mwanamke wa nyumba yuko. Ndiye mwenye udi, basi naye aseme." Wote wawili wakanitazama. Mimi huyu niliyesema hulala mapema. Nikawaomba waniache mpaka asubuhi, na usingizi sikuupata.

Asubuhi Ami Shee akafanya kosa ambalo fundi yeyote wa kwetu angelifanya. Tangu zamani, chombo kikitaka kushuliwa, fundi hupiga baragumu. Haaliki mtu. Mji ukisikia, wanaume huacha walichoshika, wanawake huleta vyakula, na mtu asiyekuja huulizwa ana ugonjwa gani. Basi mzee akapanda juu ya gogo na pembe lake, akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nami nikasimama na chetezo cha udi nikingoja mji uje.

Mji ukafunga milango. Tulisikia mabati ya maduka yakishushwa moja baada ya jingine, kama mvua inayokuja. Mwanamke mmoja alipita mbio amebeba mtoto. Tukabaki sisi, wazee wachache wa Kibajuni waliobaki mtaani, na wavuvi wa kisiwa cha Kudha waliokuja kuuza samaki. Kisha likaja gari la polisi.

"Nani anapiga king'ora?"

Ami Shee akaonyesha pembe lake. Akaeleza. Ofisa akaligeuzageuza mkononi, akapumua.

"Adeer," akamwita, yaani ami, "mji huu ukisikia sauti usiyoijua hulala chini. Nusu ya watu hapa wametoka bara, hawajui mambo yenu ya vyombo. Ukitaka watu, kawaambie kwa mdomo." Akamrudishia. Hakumtoza wala hakumtukana, na lazima niyaandike hayo pia.

Tuliobaki tulijaribu kuvuta. Mashua haikujua kama tumeishika. Bamvua ilikuwa ianze kupungua baada ya kesho yake, na mafundi wa ukuta walikuwa wameshachimba shimo la msingi, wakitutazama wakiwa wamekalia mifuko ya saruji.

Nyumba ya baba

Majirani wenye vijana wengi na mikono yenye nguvu ni watu wa mlango mmoja nyuma ya pwani. Ni nyumba ya baba. Ami Shee alikuwa hajawahi kuwasemesha. Kwetu kualika ni kazi ya mwanamke, anakwenda mlango hata mlango. Nilijitia buibui nikaenda.

Nilifunguliwa na mwanamke wa makamo, Halimo, mtu wa bara. Alinijua kabla sijasema, sijui kwa nini. Labda niliitazama dari kwanza kabla ya yeye.

"Abayo," akaniita, dada, "umekuja kwa ajili ya nyumba."

"Nimekuja kwa ajili ya mashua."

Hakuamini. Akanikaribisha hata hivyo, akaweka chai ya maziwa ya ngamia na anjera, ile chapati laini ya Kisomali, yenye samli. Nilikula anjera ya mgeni katika chumba nilichozaliwa, na ilikuwa tamu, na hilo lilinikera. Nikamweleza lile baragumu ni nini. Akajifunika uso kwa shela akacheka.

"Sisi tulidhani mambo yameanza tena. Kaka yangu alituficha sote uvunguni. Yeye mwenyewe hakutoshea."

Nilikuwa nimeshapata nilichotaka, ningeweza kuaga. Lakini nilifikiri: nikimwalika mtu huku nimemficha neno, mwaliko wenyewe una tundu. Nikaweka kikombe.

"Halimo, nisikudanganye. Nyumba hii ni ya baba yangu. Sijaisamehe. Leo nimekuja kwa mashua, lakini siku moja nitakuja kwa nyumba."

Akashika birika. "Najua. Nami nina yangu bara, na visima viwili. Kuna mtu ndani yake. Akitoka yule, nitatoka mimi."

"Na yule anangoja nani?"

"Sijamuuliza," akasema. "Wewe una ujasiri kuliko mimi, umeweza kuja." Akanimiminia tena. "Bahari ile naiona kila siku na sijawahi kuigusa. Mnavuta saa ngapi?"

Nilirudi pwani nikiwa nimeshakata shauri. Nikawaambia Ami Shee na Lali pamoja, ili asiseme mmoja kwamba niliambiwa na mwingine: "Bendera ingoje chombo kielee. Nimemwita Halimo avute mashua, sikumwita avute bendera. Na Lali vivyo hivyo. Nimewaita wavute mbao. Ikielea, ni chombo chako, Ami, funga utakacho."

Ami Shee akaupapasa mti wa bendera kutoka chini hadi juu. Kisha akaifungua bendera kwenye mti, akaikunja, akaitia kwapani. "Umenishinda kwa adabu," akasema. Lali akakunja mikono ya shati.

Kuvuta

Siku ya pili, alasiri, maji yakipanda, Halimo alikuja. Alikuja na kaka yake, na wana wa kaka yake, na majirani wa majirani, na wanawake wenye masufuria ya baasto, zile tambi za Kisomali, na sufuria la bokoboko. Nikafukiza udi kutoka omo hadi tezi, nikisoma nilichokijua na kurudia nilichosahau. Mafundi wa ukuta wakaacha saruji yao wakaja nao.

Magadi yakatolewa, magogo yakawekwa chini ya mkuku, ule uti wa chombo, kamba mbili zikatandazwa. Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Sisi wa pwani huvuta kwa wimbo mrefu: mwimbishaji anaimba, tunaitikia, na nguvu inakuja kwenye neno la mwisho tu. Watu wa bara hawajawahi kuvuta chombo. Wamevuta maji, ndoo za ngozi kutoka visima virefu, kunywesha ngamia, na wimbo wao ni mfupi, kila pigo mkono mmoja. Basi kamba ya kulia ikavuta kwetu, ya kushoto ikavuta kwao, na mashua ikatikisa kichwa kama punda asiyetaka. Gogo likaruka. Mzee mmoja wa Kudha akasema, "Hawa wanateka maji, sisi tunavuta mashua, tutafika bamvua ya mwakani." Kaka yake Halimo akataka kufasiriwa. Nikamfasiria. Akajibu, "Mwambie wimbo wake ni mrefu, ngamia angekufa kwa kiu kabla ya kiitikio."

Vicheko, kisha ubishi, na maji hayangoji. Kila upande ulitaka mwingine ujifunze wake. Ami Shee akasimama katikati.

"Nyamazeni, wachu wa kwechu," akatuambia sisi. "Vuteni kwa wimbo wa kisimani."

"Ami, chombo cha Wabajuni?" Lali akauliza. Alikuwa mbele kabisa ya kamba ya kulia.

"Wao ni wengi, sisi ni wachache, na sisi tunajua kusikiliza mapigo. Tujifunze sisi, ni haraka."

Tukajifunza. Pigo, mkono. Pigo, mkono. Mimi nilishika kamba nyuma ya Halimo, viganja vikiwaka. Mashua ikasogea shibiri, ikasogea dhiraa, ikalipita shimo la msingi wa ukuta kwa upana wa mtu, na Lali akiimba maneno ya Kisomali ya kunywesha ngamia ambayo hakuyaelewa hata moja. Omo ikagusa maji. Kisha ikateleza yenyewe, na waliokuwa mbele wakaanguka majini na kamba zao. Halimo naye alikuwa ndani ya bahari mpaka magotini, ameinua gauni, anapiga kelele kwa baridi.

Furaha ilikuwa fupi, maana mashua ikaanza kuingiza maji kila upande. Watu wa bara wakashika vichwa. "Tumevuta chombo kibovu," kaka yake Halimo akasema kwa huzuni ya kweli. Tukawaeleza kwamba mbao mpya ni kavu, lazima zinywe mpaka zivimbe na kuziba, na mpaka hapo ni kuteka tu. Aliposikia kuteka maji akapanda wa kwanza. Tukapanda tuliotosha, kwa ndoo na masufuria yaliyokuwa na baasto.

Ami Shee akapandishwa naye. Alitambaa mpaka kwenye tezi, akatoa bendera kwapani, akaifunga kwa kupapasa. Lali alikuwa kando yangu akiteka, hakumtazama. Kisha akamtazama.

"Ami, umeifunga kichwa chini. Nyota inaangalia maji."

"Mimi naona buluu tu," mzee akasema.

Lali akateka ndoo mbili tatu zaidi. Akaiweka ndoo, akapanda kwenye tezi, akaifungua, akaigeuza, akakaza fundo. "Wasije wakasema Wabajuni hawajui hata kufunga bendera."

"Waseme akina nani?"

"Hao," akaonyesha ufukweni, akarudi kuteka.

Sisemi alibadilika. Nilimuuliza siku ya kurudi, akaniambia, "Dada Esha, nilirekebisha kosa. Sikula kiapo." Namwandikia kama alivyosema.

Na mimi, ambaye ndiye mnayemuuliza. Niliitazama ile bendera mle ndani ya maji ya magotini, nikajikagua kwa uaminifu kama nikaguavyo unga. Kuipenda ni neno ambalo sijalifikia. Lakini niliona kwamba sitaki kuishusha, na sitaki tena mtu aniambie niondoke chini yake; na nyumba nitaifuata kwa kuketi na Halimo, na yule anayekaa kwake bara, na aliye mbele ya yule, hata kama mstari wao unafika Ethiopia. Hapo ndipo nilipofika. Nilitaka kukaa nilifikirie vizuri zaidi, lakini kaka yake Halimo alikuwa ameanza wimbo wake tena na Ami Shee ananiuliza kwa ukali kama nimekuja kutembea, nikainama nikateka.